Idi Amin na ndege ya abiria aliyoiamuru irudi Entebbe

Na Mwandishi Wetu, Makole, Dodoma

JULAI 7, 1973, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilipaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Entebbe, Uganda, baada ya kujaza mafuta. Ndani yake walikuwamo Wamarekani 112, wafanyakazi wa kujitolea wa shirika la Peace Corps, waliokuwa wakienda kufanya kazi Zaire, nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Haikufika mbali. Ikiwa angani, marubani walipokea amri ya kugeuza na kurudi Entebbe, pamoja na onyo kwamba wakikaidi, ndege za kivita zingetumwa kuwafuata. Rubani wa ndege ya abiria hana cha kujadiliana na ndege ya kivita. Wakageuza, wakatua, na abiria wao wakawa chini ya ulinzi wa askari.

Aliyekuwa nyuma ya amri hiyo ni Rais wa Uganda wakati huo, Jenerali Idi Amin Dada. Serikali yake ilisema ilishuku kuwa vijana hao ni mamluki. Walishikiliwa kwa takriban siku mbili, hadi Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire alipothibitisha kwamba ni wageni wake halali, ndipo wakaruhusiwa kuendelea na safari.

Wengi walilichukulia tukio hilo kuwa kituko kimoja zaidi cha mtu aliyejaa vituko. Kwa mkazi wa Makole mjini Dodoma, ambako mngurumo wa ndege zinazopaa na kutua katika uwanja wa jirani ni jambo la kila siku, si rahisi kuitazama ndege ya abiria na kuona ndani yake jeshi. Amin aliona hivyo. Na anayeyafuatilia maisha yake kwa makini atagundua kwamba hofu hiyo haikutoka hewani. Sehemu yake ilitoka Tanzania.

Amin alizaliwa katika miaka ya 1920, mtoto wa baba wa kabila la Kakwa, watu wa kaskazini magharibi mwa Uganda wanaopakana na Kongo na Sudan Kusini. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo mno. Mwaka 1946 alijiunga na jeshi la wakoloni wa Kiingereza, King's African Rifles, ambalo wazee wa Tanzania wanalikumbuka kwa jina la Keya.

Alikuwa pande la mtu, mwenye nguvu, mtii kwa wakubwa na mkali kwa wadogo. Kwa miaka kadhaa alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika uzito wake. Katika miaka ya 1950 alipelekwa Kenya kupigana na wapiganaji wa Mau Mau, na Waingereza wakaridhishwa na kazi yake kiasi cha kumpandisha cheo hatua kwa hatua. Uganda ilipopata uhuru Oktoba 9, 1962, alikuwa mmoja wa maofisa wachache sana wazalendo.

Milton Obote, Waziri Mkuu wakati wa uhuru, alimwona kuwa mtu wa kutumika. Mei 1966, Obote alipotaka kumwondoa Kabaka wa Buganda, Edward Mutesa, ambaye pia alikuwa Rais wa Uganda, aliyeongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Mengo alikuwa Amin. Kabaka alikimbilia Uingereza na kufia huko mwaka 1969. Amin akapanda hadi kuwa mkuu wa jeshi.

Katika miaka hiyo Israel ilikuwa rafiki mkubwa wa jeshi la Uganda. Waisraeli ndio waliofundisha askari wake wa miavuli na marubani wake, na Amin mwenyewe alitunukiwa beji ya askari wa miavuli wa Israel. Aliendelea kuivaa kifuani hata baada ya kuwafukuza walimu wake nchini, jambo ambalo liliwashangaza wengi.

Januari 25, 1971, Obote akiwa nje ya nchi akirejea kutoka mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Singapore, Amin alitwaa madaraka. Uwanja wa Entebbe ulikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kutekwa na askari wake, kwani aliyepinduliwa alikuwa safarini na njia yake ya kurudi ilikuwa ya anga. Obote aliishia Nairobi, kisha Dar es Salaam, ambako Mwalimu Julius Nyerere alimpokea na kukataa kumtambua aliyempindua.

Kuanzia siku hiyo Amin hakuacha kuitazama Tanzania kwa jicho la mashaka. Septemba 1972 mashaka hayo yalipata uthibitisho.

Alfajiri ya Septemba 17 mwaka huo, wapiganaji wa Obote wapatao 1,000 waliingia Uganda kutokea ardhi ya Tanzania. Mpango wao ulikuwa na sehemu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Siku chache kabla, ndege ya abiria aina ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa kwa siri kutoka Dar es Salaam. Ilikusudiwa itue Kilimanjaro, ipakie makomandoo, kisha iwapeleke moja kwa moja Entebbe wauteke uwanja huo kwa ghafla.

Haikufika Entebbe. Ilipotua Kilimanjaro matairi yake yalipasuka, ikabaki hapo, na sehemu hiyo ya mpango ikafa. Wapiganaji waliopita nchi kavu walipigwa vibaya kabla ya kufika mbali. Ndege za Amin zilizishambulia kwa mabomu Bukoba na Mwanza, na wananchi wa Tanzania wasio na silaha wakapoteza maisha. Oktoba mwaka huo, kwa usuluhishi wa Somalia, pande mbili zilitia saini Makubaliano ya Mogadishu na kukubaliana kuyaondoa majeshi yao karibu na mpaka.

Inafaa kusimama hapo kidogo. DC-9 ile ilikuwa mali ya nchi tatu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1946 na baada ya uhuru likamilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, ndege zake zikisajiliwa kwa kugawanywa miongoni mwa nchi hizo. Kwa maneno mengine, ndege ambayo Uganda ilikuwa na hisa ndani yake ilikusudiwa kubeba askari wa kuipindua serikali ya Uganda. Historia ya vita na Amin, kama inavyosimuliwa Tanzania, huanzia Kagera mwaka 1978, na si mara nyingi matairi yale ya Kilimanjaro hutajwa.

Wakati wapiganaji wa Obote wakiwa bado vitani, anga la Afrika lilishuhudia kisa kingine cha aina hiyo. Kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi, alituma ndege tano za usafirishaji za kijeshi zikiwa na askari 399 kwenda kumsaidia Amin. Zilipokuwa zikipita juu ya Sudan, serikali ya Rais Jaafar Nimeiri ilizilazimisha zitue Khartoum na kuziamuru zirudi zilikotoka. Hata hivyo, askari hao walifika Entebbe baadaye.

Nimeiri naye alikuwa na deni na mchezo huo. Julai 22, 1971, Gaddafi aliilazimisha ndege ya abiria ya shirika la Uingereza la BOAC, iliyokuwa ikitoka London kwenda Khartoum, itue Benghazi. Ndani walikuwamo Babikir al-Nur na Farouk Hamadallah, viongozi wa mapinduzi yaliyokuwa yamemwondoa Nimeiri kwa siku chache tu. Walishushwa, Nimeiri aliporudi madarakani akakabidhiwa, na wote wawili wakauawa kwa hukumu ya kijeshi.

Hayo ndiyo mazingira ambayo Amin alijifunzia. Ufaransa ilikuwa imetangulia mwaka 1956, iliponasa ndege iliyokuwa ikitoka Morocco kwenda Tunisia na kuishusha Algiers ili kumkamata Ahmed Ben Bella na wenzake wa chama cha ukombozi cha Algeria. Februari 21, 1973, miezi michache kabla ya kisa cha Entebbe, ndege za kivita za Israel ziliitungua ndege ya abiria ya Libya iliyopotea njia juu ya Sinai, wakafa watu 108.

Kwa hiyo ndege ile ilipoaga Entebbe Julai 7, 1973, marubani wake walijua kwamba onyo la ndege za kivita halikuwa la kutishia nyau.

Siku mbili tu kabla yake, Julai 5, Meja Jenerali Juvénal Habyarimana alikuwa amempindua Rais Grégoire Kayibanda wa Rwanda, jirani wa Uganda kwa upande wa kusini. Burundi nayo ilikuwa ikichuruzika damu tangu mwaka uliotangulia. Uhusiano wa Uganda na Marekani ulikuwa umeharibika. Washington ilikuwa imemwondoa balozi wake Kampala, na ubalozi wenyewe ulifungwa Novemba mwaka huo huo. Ndege iliyojaa vijana wenye afya njema, raia wa taifa lisiloelewana na Kampala, ikielekea upande wa machafuko, ikiwa ya shirika lile lile ambalo ndege yake ilikusudiwa kuleta makomandoo miezi kumi nyuma: kwa mtawala aliyelala na bastola, hesabu hiyo ilijumlika haraka.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na kasoro kubwa, na kasoro hiyo ndiyo inayomhukumu. Ndege ilikuwa Entebbe, ardhini, mikononi mwake. Ilitua kwa ruhusa, ikajazwa mafuta kwa ruhusa, ikapaa kwa ruhusa ya waongoza ndege wa serikali yake. Kama kulikuwa na shaka, wakati wa kuikagua ulikuwa pale ilipoegeshwa, si baada ya kupaa. Kuirudisha kutoka angani kwa tishio la kuitungua kulikuwa ni kuweka maisha ya watu zaidi ya 112, pamoja na wafanyakazi wa ndege, juu ya uwezo wa rubani kuelewa amri na juu ya hasira za mtu mmoja.

Sheria ya kimataifa ya wakati huo haikuwa na jibu la wazi kwa jambo hilo. Mkataba wa Chicago wa Desemba 7, 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kiraia duniani, unaanza kwa kuipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Haukusema bayana kwamba ni marufuku kuitumia silaha dhidi ya ndege ya abiria iliyo angani.

Ilichukua maafa mengine makubwa kulisema hilo. Septemba 1, 1983, ndege ya kivita ya Urusi ya Kisovieti iliitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Mei 10, 1984, nchi wanachama zilikutana Montreal na kuongeza kifungu kipya katika mkataba. Kifungu hicho kinazitaka nchi zijiepushe na matumizi ya silaha dhidi ya ndege za kiraia, na kinaipa nchi haki ya kuitaka ndege itue pale tu inapopita bila idhini au panapokuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba inatumika kinyume cha malengo ya mkataba. Kilianza kutumika Oktoba 1, 1998.

Haikuwa mwisho wa vitendo hivyo. Mei 23, 2021, Belarus iliilazimisha ndege ya shirika la Ryanair itue Minsk kwa kisingizio cha bomu, ikamkamata mwandishi wa habari aliyekuwamo.

Mmarekani aliyeshikiliwa Entebbe alirudi kwao na hadithi ya kusimulia. Hasara iliyobaki ilikuwa ya Waafrika Mashariki. Shirika la ndege lililoamriwa na mmoja wa wamiliki wake kurudi kwa mtutu wa bunduki ni shirika lenye msiba ndani ya nyumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Desemba 1, 1967 ikiwa na makao yake Arusha, ilitaka marais watatu waketi meza moja kuamua mambo makubwa. Tangu Januari 1971 hawakuketi, kwa kuwa Mwalimu alikataa kukaa na Amin. Yapo mengine yaliyoiua Jumuiya, yakiwamo malumbano ya fedha kati ya Kenya na wenzake na tofauti za siasa za uchumi, na si haki kumtwisha Amin mzigo wote.

Mapema mwaka 1977 shirika lilisimama. Ndege zikaegeshwa Nairobi, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na Machi mwaka huo Shirika la Ndege Tanzania likaanzishwa ili nchi isibaki bila usafiri wa anga. Jumuiya ikavunjika katikati ya mwaka huo huo.

Kabla ya hapo, Entebbe iliingia tena katika vichwa vya habari. Juni 27, 1976, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa na kupelekwa Uganda. Safari hii Amin hakuilazimisha ndege kutua. Aliwakaribisha walioiteka, na askari wake wakasaidia kuwalinda mateka. Usiku wa kuamkia Julai 4, makomandoo wa Israel walishuka kwa ndege za usafirishaji, wakawachukua mateka na kuziteketeza ndege za kivita za Uganda zilizokuwa uwanjani. Mateka watatu walikufa katika mapambano hayo. Wa nne, bibi kizee Dora Bloch aliyekuwa hospitalini Kampala, aliuawa baadaye kwa kulipiza kisasi.

Jambo ambalo Amin aliliogopa mwaka 1972 na 1973, yaani askari kushuka Entebbe kutoka kwenye ndege wasiyoitarajia, lilitokea hasa. Waliolifanya ni wale waliowafundisha askari wake kuruka kwa miavuli.

Ndani ya nchi hali ilikuwa mbaya kuliko yote yaliyotokea uwanja wa ndege. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa Septemba 1972 na hakuonekana tena. Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, aliuawa Februari 1977. Makadirio ya waliopoteza maisha chini ya utawala wake yanafikia 300,000, na yapo yanayokwenda juu zaidi.

Mwisho wake ulianza Oktoba 1978, majeshi yake yalipovamia Kagera na yeye kutangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Novemba 2, Mwalimu Nyerere alitangaza vita. Reli ya Kati, ambayo wakazi wa Dodoma huifahamu vyema, ilipitisha askari na vifaa kuelekea Mwanza. Mabasi na malori ya watu binafsi na mashirika yakachukuliwa kwa kazi ya vita. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likishirikiana na wapiganaji wa Uganda, liliuteka uwanja wa Entebbe Aprili 7, 1979, ambako Walibya waliotumwa tena na Gaddafi walikuwa wakihangaika kuondoka. Kampala ilianguka siku nne baadaye.

Amin alikimbilia Libya, kisha akapata hifadhi Saudi Arabia, katika mji wa Jeddah, kwa sharti la kutojihusisha na siasa.

Alilivunja mara moja. Januari 1989 alipanda ndege akiwa na pasipoti ya bandia ya Zaire na kutua Kinshasa, akitarajia kutafuta njia ya kurudi Uganda. Alitambuliwa uwanjani na kuzuiliwa. Mwenyeji wake alikuwa Mobutu yule yule aliyewaombea vijana 112 mwaka 1973, mwaka ambao wawili hao waliyapa majina yao maziwa mawili ya mpakani. Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko na Ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada. Safari hii Mobutu hakutaka kumwona. Serikali ya Uganda ilitaka akabidhiwe ashitakiwe, Zaire ikamwondoa kwa ndege, Saudi Arabia ikagoma kumpokea, na alipofikishwa Dakar Senegal nayo ikamrudisha alikotoka. Kwa siku kadhaa mtu aliyewahi kuamua nani apite angani mwake alizungushwa katika viwanja vya ndege vya watu, akisubiri serikali moja ikubali atue.

Saudi Arabia ilikubali hatimaye. Aliishi Jeddah miaka mingine 14, bila kushitakiwa mahali popote, akifariki dunia hospitalini Agosti 16, 2003, baada ya figo zake kushindwa kufanya kazi. Alizikwa siku hiyo hiyo huko huko Jeddah, katika makaburi ya Ruwais.